Bournville, Kiunga cha Mji wa Birmingham

Neno "kiunga" katika lugha yetu lina maana mbili, na wengi walitumiao hukumbuka moja na kuisahau ya pili. Kwanza ni mahali palipo nje kidogo ya mji, ambapo si mjini kamili wala si shamba. Pili ni bustani ya miti ya matunda. Maana hizi hazikukutana kwa bahati tu. Kwani katika miji ya pwani ya zamani mtu akitoka mjini aliingia mara katika minazi, miembe na michungwa ya wenye mji, na mahali hapo ndipo palipoitwa kiungani. Walimu wengi walijua jina hilo kwa sababu ya chuo cha Misheni kilichokuwapo Kiungani, nje ya mji wa Unguja.

Waingereza nao wana neno lao la mahali palipo pembeni mwa mji. Asili yake ni Kilatini, na ndani yake mna "chini" na mna "mji", lakini hamna mti wala tunda. Na viunga vingi vilivyojengwa Uingereza katika karne ya 19 vilikuwa kama neno lenyewe: safu za nyumba za matofali, ukuta kwa ukuta, mtaa baada ya mtaa, hata mtu asijue mmoja umekwisha wapi na mwingine umeanza wapi. Kimoja, hata hivyo, neno letu lakifaa kuliko neno lao. Nacho ni Bournville, upande wa kusini wa mji wa Birmingham. Nataka kueleza jinsi kilivyoanzishwa, na desturi za watu wake, na pia jambo moja zito ambalo wenye kukisifu mara nyingi hulipita upesi.

Birmingham uko katikati ya nchi ya Uingereza, mbali na bahari, nao tangu zamani ni mji wa mafundi wa madini. Vifungo, kalamu za chuma, vyombo vya shaba, na bunduki zilizopelekwa Afrika ya Magharibi katika karne ya 18, vyote vilifanyizwa huko. Kazi ilivuta watu, na watu walikuja kwa wingi kuliko nyumba. Basi wenye viwanja wakajenga nyumba za mgongo kwa mgongo, maana yake nyumba mbili zilitumia ukuta mmoja wa nyuma, kila moja ikawa na madirisha upande mmoja tu, na hewa haikuweza kupita. Zilizunguka ua mdogo wenye bomba la maji, vyoo na mahali pa kufulia, na vyote hivi vilitumiwa na jamaa nyingi pamoja. Watoto walikufa wengi katika nyua hizo.

Katika mji huo mwaka 1824 John Cadbury alifungua duka katika Bull Street, akauza chai, kahawa na kakao. Alikuwa mmoja wa Jamii ya Marafiki, wale ambao Waingereza huwaita Quakers. Marafiki zamani walifungiwa milango ya vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge kwa sababu ya imani yao, kwa hiyo akili zao nyingi zilikwenda katika biashara. Tena walichukia ulevi, na John Cadbury alitumaini kwamba kikombe cha kakao kingemwondoa maskini katika pombe. Mwaka 1861 wanawe wawili, Richard na George, waliipokea biashara hali imedhoofika sana, karibu kufa. Mwaka 1866 walianza kuuza kakao safi isiyochanganywa na unga, na hiyo ndiyo iliyowaokoa.

Huyu George Cadbury ndiye tunayemtafuta katika habari hii. Kila Jumapili asubuhi na mapema alikwenda Severn Street kufundisha wanaume watu wazima, wengi wao mafundi na vibarua, kusoma na kuandika na kuzielewa Injili. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka ipatayo 50. Nawaomba walimu wenzangu walitie jambo hili moyoni, kwa maana hapo ndipo Bournville ilipozaliwa, si katika hesabu za kiwanda. Mwalimu aliwafuata wanafunzi wake nyumbani walipougua, akaziona zile nyua. Akatambua ya kuwa mtu aweza kufundishwa mema Jumapili, naye akirudi anarudi penye chumba kimoja chenye giza, wala mahali pa kwenda jioni hapana ila nyumba ya ulevi.

Mwaka 1879 ndugu hao wawili walikihamisha kiwanda chao kutoka katikati ya mji, wakakijenga mashambani, maili nne hivi upande wa kusini. Watu wengi waliona ni wazimu. Lakini reli ilipita hapo, na mfereji mkubwa wa mashua pia, na maji na hewa vilikuwa safi. Kijito kimoja kiitwacho Bourn kilipita karibu. Kwa kuwa chokoleti ya Ufaransa ndiyo iliyosifiwa siku zile, walilichukua jina la kijito wakaliongezea neno la Kifaransa la mji, likawa Bournville. Kwa hiyo hata jina lake ni la kibiashara, nusu la Kiingereza na nusu la Kifaransa, nami sioni haja ya kulificha. Wafanyakazi mwanzoni walikuwa wapata 230. Miaka 20 baadaye walizidi 2,600. Nyumba zilizojengwa mwaka ule wa 1879 zilikuwa 16 tu, za wasimamizi.

Kijiji chenyewe kilikuja baadaye. Mwaka 1893 George Cadbury alinunua eka 120 karibu na kiwanda, kwa fedha yake mwenyewe, kwa kuhofu wajenzi wa mjini wasije wakazijaza nyumba zao za safu. Mwaka 1895 ujenzi ulianza. Mchoraji wa nyumba alikuwa kijana William Alexander Harvey, mwenye umri upatao miaka 20, naye alipewa kazi ambayo wazee wa ufundi huo wangeililia. Nyumba zake zilijengwa mbili mbili, au tatu au nne pamoja, wala hazikufanana zote, maana hakupenda mtu apotee akitafuta mlango wake. Barabara zilikuwa na upana wa futi 42 na kupandwa miti, na kila nyumba ilirudi nyuma futi 20 kutoka njiani.

Lakini ajabu yake ni bustani. Kanuni ilisema nyumba isichukue zaidi ya robo ya kiwanja chake. Sehemu iliyobaki ililimwa kabla mpangaji hajaingia, ikapandwa mitofaa na mipea (simaanishi matofaa yetu ya pwani, bali yale ya Ulaya), na mti wa plamu, na vichaka vya matunda madogo, na mboga zikapata nafasi yake. Mtu aliyezaliwa katika ua wa matofali alikabidhiwa ufunguo wa nyumba pamoja na miti ya matunda. Wakulima wa bustani waliwekwa ili kuwafundisha wasiojua jembe, na majirani walishindana kwa maua na viazi. Bwana Cadbury aliamini kwamba kazi ya udongo jioni humpumzisha mtu aliyeshinda kiwandani, tena humpa chakula. Sehemu ya kumi ya ardhi yote iliachwa wazi kwa michezo na matembezi.

Sasa twafika penye jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko miti. Nyumba za kwanza ziliuzwa kwa hati za miaka 999, na wanunuzi walikopeshwa fedha kwa riba ndogo. Ikawa, kwa sababu mahali pale palikuwa pazuri, baadhi ya walionunua waliuza tena kwa bei kubwa, wakatia faida mfukoni. Hivyo wema wa mtu mmoja uligeuka kuwa mtaji wa mwingine, na maskini aliyekusudiwa akaachwa nyuma vile vile. George Cadbury alipoliona hilo hakukasirika tu, bali aliibadili sheria ya mahali. Tarehe 14 Desemba 1900 alitoa ardhi yote, iliyokwisha kuwa eka 330, na nyumba 313, mali yenye thamani ya zaidi ya pauni 170,000, akaikabidhi kwa wadhamini. Tangu siku hiyo haikuwa mali yake, wala ya watoto wake, wala ya kiwanda. Kodi ya nyumba itumike kuzitunza na kujenga nyingine, isigawanywe kwa mtu.

Waingereza wana neno lao la kisheria kwa jambo hili, lakini msomaji wa pwani atalitambua mara: ni wakfu. Mali imefungwa, haiuzwi ili mtu atajirike, hairithiwi, na mazao yake yana kazi yake. Sisemi kwamba George Cadbury alijifunza kwa Waislamu. Nasema tu kwamba mafasiri akitaka kumweleza mzee wa Lamu au Bagamoyo habari za Bournville, neno analo tayari, wala hana haja ya kubuni jingine.

Tena nyumba zile hazikuwekwa kwa watu wa kiwanda peke yao. Hapo Bournville inatofautiana na Port Sunlight, kijiji alichokianzisha mwenye kiwanda cha sabuni karibu na Liverpool mwaka 1888, ambako nyumba ilifuata kazi, na aliyeacha kazi alipoteza nyumba. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakuu wa nyumba waliofanya kazi katika kiwanda cha Bournville walikuwa wapata wanne tu katika kumi, na wengine wengi walifanya kazi Birmingham mjini. Mtu aliweza kugombana na bwana wake bila kulala nje. Walakini yafaa kusema kweli: kodi, ijapokuwa ya haki, ilikuwa juu ya uwezo wa maskini kabisa. Waliokuja walikuwa hasa mafundi wenye kazi ya kudumu, makarani na walimu. Wale wa nyua zenyewe, ambao ugonjwa wao ndio uliomgusa mwalimu wa Severn Street, waliofika walikuwa wachache. Watoto wa Bournville walipopimwa, na kulinganishwa na watoto wa mitaa mibaya ya Birmingham, walionekana warefu na wazito zaidi, nalo lilikuwa jambo la kufurahisha. Lakini mwenye kupima anapaswa kukumbuka pia kwamba baba zao walikuwa na mshahara uliotangulia bustani.

Kwa habari ya desturi zake, ya kwanza ijulikanayo kila mahali ni kwamba hakuna nyumba ya ulevi. Hati ya wakfu haikukataza kabisa. Ilisema kileo kisiuzwe isipokuwa wadhamini wote wakubali kwa neno moja. Kijitabu cha mashauri ya afya waligawiwa wakazi, nacho kiliwashauri kutembea hewani nusu saa kila siku, kulala katika vitanda vya mtu mmoja mmoja, na kupumua kwa pua hali mdomo umefungwa, hasa usiku. Nadhani wengine walicheka chini chini. Mtu aliyepewa nyumba nzuri ana wajibu wa kulipa kodi. Kama ana wajibu pia wa kufunga mdomo alalapo, hilo ni la kuulizana.

Kiwandani wanawake na wanaume walitengwa, milango yao mbalimbali na viwanja vyao vya michezo mbalimbali. Wasichana walijengewa bwawa la kuogelea ndani ya nyumba. Lakini msichana alipoolewa ilimpasa kuacha kazi, naye aliagwa kwa zawadi ya Biblia na ua moja. Desturi hiyo ilidumu miaka mingi, na kwa mwanamke aliyependa kazi yake ua halikuwa malipo.

Katikati ya kiunga pana uwanja wa majani, na kuuzunguka mna nyumba ya ibada ya Marafiki, skuli na maduka. Skuli ina mnara, na juu yake kengele zilizotundikwa mwaka 1906, ambazo hupigwa kwa nyimbo kamili; Bwana Cadbury alizisikia za namna hiyo Bruges, nchi ya Ubelgiji, akazitamani kwa watu wake. Karibu yake mna kibanda cha kupumzikia cha mwaka 1914, nacho ni zawadi ya wafanyakazi kwa George na mkewe Elizabeth walipotimiza miaka 25 ya ndoa. Pana pia nyumba ya kale ya mbao na chokaa, iliyokuwa Selly Oak na kukaribia kuanguka. Iling'olewa kipande kwa kipande, ikasimamishwa tena Bournville mwaka 1916. Kiunga kipya kilijitafutia mzee wa kukaa naye, jambo ambalo watu wa Afrika hawataliona geni.

Sasa nageukia lile jambo zito. Kakao haioti Birmingham. Mwanzoni mwa karne ya 20 karibu nusu ya kakao ya Cadbury, au zaidi, ilitoka visiwa vya São Tomé na Príncipe, vilivyokuwa chini ya Wareno. Waliolima huko walikuwa watu wa Angola waliokamatwa au kununuliwa bara, wakapelekwa pwani kwa minyororo, wakatiwa katika mkataba wa miaka mitano ambao haukuisha, maana hakuna aliyerudishwa kwao. Kwa sheria walikuwa vibarua. Wasomaji wa Unguja na Pemba, mlioambiwa na wazee habari za mashamba ya mikarafuu baada ya amri ya mwaka 1897, hamhitaji maelezo marefu jinsi mtu awezavyo kuwa huru katika karatasi.

Mwaka 1901 William Cadbury, mwana wa Richard, aliletewa tangazo la shamba lililouzwa São Tomé. Katika orodha ya mali ya shamba, pamoja na majumba na ng'ombe, walihesabiwa wafanyakazi weusi na bei yao. Mwaka huo ndio mwaka mmoja baada ya ile hati ya wakfu. Jamaa ya Cadbury walikuwa maadui wa utumwa kwa mapokeo ya Marafiki wote. Marafiki wale wale walikuwa na misheni Pemba tangu 1897 kwa ajili ya watumwa waliofunguliwa. Basi walifanya nini? William alikwenda Lisbon mwaka 1903, akapewa ahadi. Mwaka 1905 walimtuma Joseph Burtt, baada ya kujifunza Kireno kwanza, akakaa visiwani na Angola muda mrefu, akarudi mwaka 1907 na taarifa iliyothibitisha yote. Wakati huo mwandishi Henry Nevinson alikuwa amekwisha kupita njia ya Angola, akaona pingu za miti zilizoachwa kando ya njia pamoja na mifupa ya watu, na kitabu chake kilitoka mwaka 1906. Wakuu wa serikali ya Uingereza waliwasihi Cadbury wangoje, mambo yasemwe kwa Wareno kwanza. Wakangoja. William alikwenda mwenyewe mwishoni mwa mwaka 1908, na mwezi wa Machi 1909 ndipo walipotangaza kwamba hawatainunua tena kakao hiyo. Ilikuwa miaka minane.

Gazeti la Standard lilikuwa limewashambulia mwaka 1908, likisema ni wanafiki, na Cadbury wakalishtaki. George alikuwa na gazeti lake, Daily News, lililopaza sauti juu ya vibarua wa Kichina katika migodi ya dhahabu ya Afrika ya Kusini, kwa hiyo adui zake walifurahi kuuliza juu ya vibarua wa kakao. Kesi ilisikizwa Birmingham mwishoni mwa 1909. Wazee wa baraza waliamua kwamba gazeti limewakosea Cadbury; na walipoulizwa walipwe fidia kiasi gani, wakajibu: robo ya peni. Sijui hukumu iliyopimwa vizuri kuliko hiyo. Walisema watu hawa si wanafiki, tena walisema kungoja kwao hakustahili fidia zaidi ya sarafu ndogo kuliko zote.

Nadhani Cadbury walisadiki kweli kwamba mnunuzi aliyebaki sokoni husikilizwa kuliko aliyeondoka. Hoja hiyo si ya kijinga. Lakini kila mwaka wa kungoja watu wengine walipelekwa visiwani, na kila mwaka nyumba nyingine zenye mitofaa zilipimwa Bournville. Kakao iliyowatoa katika shida hiyo ililimwa na Waafrika katika mashamba yao wenyewe, huko Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana. Husemwa kwamba fundi Tetteh Quarshie alizileta mbegu kutoka Fernando Po mwaka 1879, mwaka ule ule kiwanda kilipohamia Bournville, na kufikia 1911 nchi hiyo iliitangulia dunia nzima kwa kutoa kakao. Katika masimulizi ya Bournville jina la fundi huyo halitajwi sana. Lingefaa kutajwa.

Kiunga kilikua. Wapanga miji wa Uingereza walikutanika huko mwaka 1901, na wageni wa nchi nyingine walikuja kupima barabara na kuhesabu miti. George Cadbury alikufa mwaka 1922. Nyumba aliyokaa zamani Selly Oak, jirani na Bournville, aliitoa mwaka 1903 iwe chuo cha Marafiki, nacho ni Woodbrooke. Kandokando yake vikaja vyuo vya kuwafundisha wamisionari. Jomo Kenyatta alisoma Woodbrooke mwaka 1931 hadi 1932, na Gandhi alifika huko mwaka 1931. Nyumba hiyo ya Woodbrooke ilifungwa mwaka 2023.

Mwaka 2010 biashara ya Cadbury ilinunuliwa na kampuni ya Kraft ya Marekani, na baadaye ikawa chini ya Mondelez. Watu wa Birmingham walisikitika sana, wakauliza kama kijiji nacho kimeuzwa. Hakikuuzwa. Wanunuzi walipata kiwanda, mitambo na jina. Ardhi ya Bournville haikuwa katika orodha, kwa kuwa kampuni haikuwa nayo tangu tarehe 14 Desemba 1900. Wadhamini wanaisimamia hata leo, pamoja na nyumba zipatazo 8,000 zilizoongezeka hapo na mahali pengine.